Kivinjari Kisiachiwe Kukisia Tarehe Zetu

Tarehe 4 Januari ni sikukuu ya taifa nchini Kongo. Siku hiyo tunawakumbuka mashahidi wa uhuru, watu waliouawa katika ghasia za Léopoldville mwaka 1959, mwaka mmoja na nusu kabla ya uhuru wenyewe. Mtu wa Likasi akiiandika kwa tarakimu ataandika 04/01/1959: siku mbele, mwezi katikati, mwaka mwisho. Ndivyo alivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa, na ndivyo wanavyoandika majirani zetu wa Zambia, Tanzania na Kenya. Lakini maandishi hayo yakikabidhiwa JavaScript, lugha inayoendesha fomu nyingi tunazojaza mtandaoni, ndani ya Chrome, Firefox au Safari, bila maelekezo mengine yoyote, yatasomwa kuwa 1 Aprili 1959. Hakitatokea kisanduku chekundu wala ujumbe wa kuuliza kama ndivyo ulivyokusudia. Tarehe isiyo sahihi itaingia katika hifadhi ya kumbukumbu ikiwa na sura ya tarehe sahihi, na hapo itakaa. Ninachokidai ni kwamba kazi ya kusoma tarehe zetu isiachiwe kivinjari hata kidogo, na kwamba wajibu wa kulizuia jambo hili hauwaangukii waandishi wa programu peke yao. Unawaangukia pia wanaoziagiza na kuzilipia: ofisi, shule, hospitali na kampuni za mji huu wa Likasi.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Kila mwezi una siku 12 za mwanzo ambazo namba zake zinaweza pia kuwa namba za miezi. Miezi 12 mara siku 12 ni siku 144 kwa mwaka. Kati ya hizo, 12 hazidhuriki, kwa kuwa 1 Januari, 2 Februari, 3 Machi na wenzake husomeka vilevile hata ukizigeuza. Zinabaki siku 132 ambazo hugeuka kimya kimya kuwa siku nyingine halali za kalenda. Siku 221 zilizosalia, zile za kuanzia tarehe 13, haziwezi kugeuka kwa sababu hakuna mwezi wa 13, na hizo kivinjari huzikataa. Siku ya uhuru, 30/06/1960, inakataliwa. Siku aliyouawa Patrice Lumumba karibu na Élisabethville, 17/01/1961, inakataliwa. Siku mji wetu, ukiitwa bado Jadotville, uliposhuhudia mapigano na askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, 13/09/1961, nayo inakataliwa. Kukataliwa ni usumbufu, lakini ni usumbufu wenye faida, maana mtu anayeona tarehe yake imekataliwa anajua kuna jambo la kurekebisha. Hatari imo katika zile 132.

Na hatari hiyo huongezeka pale mwandishi wa programu anapojaribu kurekebisha haraka. Anaona tarehe nyingi zinakataliwa, basi anaongeza sharti: kivinjari kikishindwa, geuza siku na mwezi, jaribu tena. Anaijaribu kwa 25/12, inakubali. Anaijaribu kwa 30/06, inakubali. Anafurahi na kuikabidhi kazi. Kumbe amejenga programu inayosoma tarehe kwa desturi mbili kwa zamu: kuanzia tarehe 13 inasoma kama Kongo, kabla ya tarehe 13 inasoma kama Marekani. Programu iliyokosea kila mara ingegunduliwa siku ya kwanza. Hii inayopatia mara nyingi na kukosea zaidi ya mara moja katika tatu inaweza kufanya kazi miaka kadhaa kabla mtu hajashuku. Wahasibu wanaotumia Excel iliyowekwa kwa desturi ya Marekani wanaijua sura ya jambo hili, hata kama hawakujua chanzo chake. Wakifungua faili lililotoka mahali pengine, 25/03/2024 hubaki maandishi na kulala upande wa kushoto wa kisanduku, huku 05/03/2024 ikiwa imeshakuwa 3 Mei na kulala upande wa kulia. Safu moja ya tarehe iliyogawanyika kushoto na kulia ni dalili ya ugonjwa huu, na kila anayeiona anapaswa kusimamisha kazi kwanza.

Chanzo chake si njama ya mtu. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, Mei 1995, kwa muda wa siku kumi. Aliagizwa lugha hiyo ifanane na Java, na sehemu ya tarehe ikachukuliwa kutoka Java karibu jinsi ilivyokuwa. Java yenyewe iliziona kasoro zake mapema: katika toleo la 1.1, mwaka 1997, amri nyingi za sehemu hiyo zilitangazwa kuwa zisitumiwe tena. JavaScript haikuweza kujirudi namna hiyo, kwa kuwa kurasa zilizoitegemea zilishatapakaa ulimwenguni. Ndiyo maana mpaka leo Januari ni mwezi namba 0 na Desemba ni namba 11, ilhali siku za mwezi zinaanza na 1. Ndiyo maana pia kulikuwa na amri ya kusoma mwaka iliyohesabu tangu 1900, na ulipoingia mwaka 2000 tovuti nyingi zikaandika 19100. Kiwango rasmi cha kwanza cha lugha hiyo, kilichotoka Juni 1997, hakikusema ni miandiko gani ya tarehe ambayo kila kivinjari kinapaswa kuielewa. Kila mtengenezaji akafanya alivyoona inafaa, na walioona walikuwa hasa Wamarekani. Mtu hawezi kuwalaumu kwa kufuata desturi ya kwao. Tunaweza kujilaumu sisi kwa kuendelea kuitegemea baada ya miaka thelathini.

Mwaka 2009, toleo la tano la kiwango lilitaja kwa mara ya kwanza mwandiko mmoja wa kukubaliwa na wote, ule wa kimataifa wa ISO 8601: mwaka, mwezi, siku, kama 2018-03-09. Mwandiko mwingine wowote uliachiwa hiari ya kivinjari, na hiari hiyo ina upana wa kushangaza. Kwa miaka mingi Safari, pamoja na simu za iPhone, iliikataa tarehe iliyofuatwa na saa ikiwa katikati yao kuna nafasi tupu badala ya herufi T, ilhali Chrome iliipokea bila neno. Chrome ni mkarimu kupita kiasi: ukiipa maneno “Likasi 4” na kuiomba tarehe, inalipuuza neno lisilolijua, inaichukua ile 4 kuwa mwezi, na kukurudishia 1 Aprili 2001. Hata mwandiko wa kimataifa wenyewe haukusalimika. Toleo la 2009 lilisema saa isiyotajiwa ukanda wake isomwe kwa saa ya dunia, UTC. Toleo la 2015 likasema isomwe kwa saa ya mahali alipo mtumiaji. Baadaye ikaamuliwa kwamba tarehe iliyoandikwa peke yake isomwe kwa UTC, na tarehe yenye saa isomwe kwa saa ya mahali. Hivyo 2018-03-09 na 2018-03-09T00:00, ambazo kwa akili ya kawaida ni mwanzo wa siku ileile, kwa JavaScript zinapishana kwa saa mbili mtu akiwa Likasi.

Saa hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndizo zinazotuumiza sisi wa upande huu wa dunia kwa namna ambayo watengenezaji wa mbali hawaioni. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, mkoa wetu wa Haut-Katanga wote uko saa mbili mbele. Tuseme fomu iliyoandikwa kwa uangalifu inapokea siku, mwezi na mwaka kila kimoja mahali pake, 9 Machi 2018, na programu inaitengeneza tarehe hiyo kwa saa ya Likasi, usiku wa manane. Mpaka hapo hakuna kosa. Kisha, ili kuihifadhi, mwandishi anatumia amri ya kawaida kabisa ya kuigeuza kuwa mwandiko wa kimataifa. Amri hiyo inarudisha saa nyuma mpaka UTC, na usiku wa manane wa Likasi kwa UTC ni saa nne usiku wa siku iliyotangulia. Kinachoandikwa ni 2018-03-08T22:00:00.000Z. Mwandishi anakata herufi kumi za mwanzo, anahifadhi 2018-03-08, na siku moja imepotea. Mwenzake aliyeko Montréal akifanya hivyohivyo haoni kosa, kwa sababu saa yake iko nyuma ya UTC. Kosa la huyo ni la upande wa pili: akisoma 2018-03-09 iliyoandikwa peke yake, kivinjari kinaichukua kuwa usiku wa manane wa UTC na kumwonyesha saa moja jioni ya tarehe 8. Na anayejaribu programu London wakati wa baridi, ambako saa ya mahali na UTC ni moja, hataona kosa lolote kati ya hayo mawili, ataisifu na kuituma Afrika.

Kuna wanaodhani siku moja au miezi michache si kitu. Tuchukue mtoto aliyezaliwa Kikula au Panda, hapa mjini, tarehe 5 Februari 2025. Chanjo ya kwanza ya pentavalenti hutolewa akifikisha wiki sita, yaani 19 Machi. Ikiwa 05/02/2025 imesomwa kwa desturi ya Marekani, mashine inaamini amezaliwa 2 Mei, na itamwita 13 Juni, karibu miezi mitatu baadaye, kwa chanjo ambayo kazi yake ni kumkinga mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Sheria ya Kongo inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto. Kwa tarehe ya kweli muda unaisha mwanzoni mwa Mei, kwa tarehe iliyogeuzwa unaonekana kuendelea mpaka mwisho wa Julai. Mzazi aliyeambiwa na mashine kwamba bado ana nafasi atachelewa akiwa na nia njema, na mtoto asiyeandikishwa kwa wakati hukutana na hasara yake baadaye, anapotaka mtihani, pasipoti au urithi. Upo pia umri wa miaka 18, mpaka kati ya mtoto na mtu mzima katika ajira, ndoa, kura na mahakama. Katika mji wenye machimbo, ambako umri wa anayeingia shimoni ni jambo la sheria na la uhai, tarehe ya kuzaliwa iliyosogea hata miezi mitatu si kosa la uandishi tu.

Mambo ya migodi yenyewe yana tarehe zake. Kanuni ya madini ya 2002 ilitangazwa tarehe 11 Julai, na sheria iliyoirekebisha ilitangazwa 9 Machi 2018. Zote mbili zimo katika zile siku 132. Ya kwanza ikigeuzwa inakuwa 7 Novemba, ya pili inakuwa 3 Septemba, siku 178 baada ya siku yenyewe. Kibali cha uchimbaji kwa sheria ya sasa ni cha miaka 25, na ada, marekebisho na malalamiko yana mihula inayohesabiwa kwa siku. Jedwali linalosema kibali kilitolewa kabla au baada ya sheria mpya linaweza kubadilisha ni kifungu gani kinatumika. Na hapa Likasi miandiko haikutani miwili tu. Wahandisi wa Kichina huanza na mwaka, desturi inayolingana na mwandiko wa kimataifa. Makarani wetu huanza na siku. Kompyuta nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani tangu kiwandani na huanza na mwezi. Karatasi moja ya kupima shehena ya shaba inaweza kupitia mikono ya wote hao kabla ya kufika mpakani Kasumbalesa, na kila mmoja ataisoma kwa uhakika kamili.

Wakati huohuo, katika ofisi zinazoandikisha vizazi, dawa ipo na ni ya kale. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika ibara yake ya 42, ilikataza tarehe yoyote ya rejista ya hali ya raia kuandikwa kwa tarakimu. Ubelgiji ilirithi kanuni hiyo, na desturi yake ikafika Kongo pamoja na utawala wa Kibelgiji. Ukishika cheti cha kuzaliwa cha Kongo utaukuta mwaka umeandikwa kwa maneno, siku kwa maneno, mwezi kwa jina lake. Watu wengi huona ni urasimu wa kuchosha. Mimi naona ni busara ambayo mashine zetu bado hazijaifikia. Waliotunga ibara ile walielewa kwamba tarakimu hufutika, huongezwa mkia, hugeuzwa mahali, na kwamba kumbukumbu itakayosomwa miaka themanini baadaye na mtu asiyemjua aliyeiandika lazima ijitegemee. Sasa tunazihamisha rejista hizo kwenye kompyuta, na katika kuhama huko tunaliacha lile jina la mwezi mlangoni na kuingia na tarakimu mbili zisizojieleza.

Njia ya kufanya vizuri ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Fomu iulize siku, mwezi na mwaka katika visanduku vitatu, na mwezi uchaguliwe kwa jina, si kwa namba. Kisanduku cha kalenda kilichomo ndani ya vivinjari nacho kinafaa, kwa kuwa chenyewe hurudisha mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Ila ijulikane kwamba sura yake hufuata lugha ya simu: simu iliyowekwa Kifaransa itaonyesha siku mbele, iliyowekwa Kiingereza cha Marekani itaonyesha mwezi mbele, na mtu na mkewe wakijaza fomu ileile kwa simu mbili wanaweza kuona mpangilio tofauti. Kinachopokelewa kihifadhiwe kama maandishi, 2025-02-05, bila saa na bila ukanda, kwa sababu siku ya kuzaliwa ni ukurasa wa kalenda. Haina dakika ya kurudishwa nyuma mpaka UTC. Wakati wa kuionyesha, jina la mwezi lirudi. JavaScript ina chombo cha kazi hiyo tangu mwisho wa 2012, kikitegemea hifadhi ya desturi za lugha ya shirika la Unicode. Humo Kifaransa cha Kongo kina alama yake, fr-CD, na Kiswahili cha Kongo kina yake, sw-CD. Kwa mambo yenye saa kweli, kama miadi au mwisho wa kupokea maombi, ukanda utajwe waziwazi kwa jina lake katika orodha ya kimataifa, Africa/Lubumbashi. Tangazo likisema maombi yanafungwa 30 Juni saa sita usiku, mwombaji wa Likasi na seva iliyoko Kinshasa wako katika siku mbili tofauti kwa muda wa saa nzima, na mtu anaweza kukosa kazi au kupewa isivyo halali katika saa hiyo.

Watakaonipinga kwanza ni waandishi wa programu wenye uzoefu. Watasema haya yote yalishatatuliwa na maktaba za programu zilizotengenezwa tayari, na kwamba asiyezitumia ni mwanafunzi. Wana haki kwa sehemu. Moment.js, iliyoanza 2011, iliwaokoa maelfu ya watu, na inafanya kazi vizuri ukiieleza mpangilio wa tarehe unayoipa. Lakini usipoieleza, na mwandiko ukiwa si wa kimataifa, inarudi kukiomba kivinjari kilekile kikisie. Maktaba haiondoi wajibu wa kusema unachomaanisha. Isitoshe, watunzaji wa Moment wenyewe walitangaza Septemba 2020 kwamba ni kazi iliyofika mwisho wake na miradi mipya isiitumie, sababu mojawapo ikiwa uzito wake. Uzito huo unalipwa na mtu anayenunua mega za intaneti kidogo kidogo ili afungue fomu ya shule. Visanduku vitatu havimgharimu kitu.

Wengine watauliza: kwa nini kivinjari kisifundishwe kwamba kikiwa Kongo kisome siku mbele? Wazo hili lina mvuto wa haki, maana linataka mashine ituheshimu tulivyo. Hata hivyo lingezidisha madhara. Leo 04/01/1959 inasomwa vibaya, lakini inasomwa vibaya kila mahali kwa namna moja. Kivinjari kikianza kubadili maana ya maandishi kulingana na nchi au lugha ya simu, maandishi yaleyale yatakuwa Januari kwa mwenye simu ya Kifaransa na Aprili kwa mwenye simu ya Kiingereza, ofisi moja, meza moja. Makosa ya namna hiyo hayatafutiki. Mahali alipo mtu hapakuambii anavyoandika, na mhandisi wa Kichina aliyeko hapa Shituru ni mfano tosha. Heshima ninayoitaka mimi ni ya kuulizwa.

Lipo pingamizi la tatu ambalo ni la matumaini: chombo kipya kinakuja, tungoje. Kweli kinakuja. Kinaitwa Temporal, kamati ya lugha hiyo imekifanyia kazi miaka mingi, na Mei 2025 Firefox 139 ilianza kukitoa kwa watumiaji wake wote. Ndani yake ipo tarehe ya kalenda tupu, isiyo na saa wala ukanda. Ukiipa 04/01/1959 inagoma na kudai mwandiko wa kimataifa. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Lakini simu nyingi zinazotumika kwetu zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika kwingine, na vivinjari vyake havifuati matoleo mapya. Mtoto aliyezaliwa Februari hawezi kuahirishiwa chanjo mpaka simu za mji zibadilishwe. Na chombo bora bado huachia mtu nafasi ya kukitumia vibaya. Mwanzoni mwa 2023, Chrome 110 ilibadilisha alama moja tu katika saa zinazoandikwa kwa Kiingereza, nafasi tupu ya kawaida ikawa nafasi nyembamba isiyoonekana tofauti kwa macho. Tovuti zilizokuwa zikiandika saa kwa ajili ya watu na kisha kuyasoma tena maandishi yaleyale kwa mashine zikavunjika, na badiliko likarudishwa nyuma. Kilichoandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu kisisomwe tena na programu: kanuni hii haikutegemea Temporal jana na haitaitegemea kesho.

Na kuna sauti ya nne, ninayoisikiliza kwa makini kuliko zote, inayosema kwamba mji wenye matatizo ya umeme, maji na barabara hauna nafasi ya kuhangaikia mpangilio wa tarakimu. Naielewa. Lakini umeme uliokatika hurudi na kazi ikaendelea. Tarehe iliyogeuzwa hairudi. Ukiiona 1959-04-01 katika hifadhi ya kumbukumbu, hakuna chochote ndani yake kinachokuambia kwamba ilikuwa 4 Januari. Inafanana kabisa na 1 Aprili ya kweli ya mtu mwingine aliye mstari wa chini. Huwezi kuandika programu ya kuzirudisha, kwa sababu programu hiyo ingezigeuza na zile zilizokuwa sahihi. Na wakati wa kujikinga ni sasa, rejista zinapoingizwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa gharama yake leo ni mstari mmoja katika mkataba na saa chache za kazi.

Mstari huo uandikwe hivi: programu isisome tarehe yoyote kwa kukisia, tarehe ya kalenda ihifadhiwe kwa mwaka, mwezi na siku bila saa, na kila inapoonyeshwa au kuchapishwa, mwezi utajwe kwa jina. Kabla ya malipo ya mwisho, anayepokea kazi aingize tarehe tatu, 4 Januari, 9 Machi na 30 Juni, kwenye simu ya Kifaransa, kwenye simu ya Kiingereza cha Marekani, na kwenye kompyuta ambayo saa yake imewekwa Montréal. Azihifadhi, afunge, afungue tena na kusoma. Tarehe zote tatu zikirudi zilivyoingia kwenye vifaa vyote vitatu, alipe. Kwa kumbukumbu ambazo zilishaingizwa kabla ya utaratibu huo, zile zenye siku ya 1 hadi 12 zilinganishwe moja moja na vitabu vya karatasi ambamo karani aliandika mwezi kwa maneno, na mpaka kazi hiyo iishe, ofisi yoyote isiruhusu vitabu hivyo kutolewa kabatini kwa kisingizio kwamba sasa vimo kwenye kompyuta.